"Wazazi hawana mwamko": jibu kwa mwalimu mpya wa Mbagala

Mwalimu mmoja wa Hisabati, ajira mpya, aliyepangiwa shule ya kata huko Mbagala, Dar es Salaam, ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nimeripoti kituoni Januari. Kabla sijakabidhiwa hata vitabu, wenzangu ofisini walinieleza wanafunzi wangu: ni watoto wa uswahilini, wazazi hawana mwamko, nusu yao watoro, wavulana wa nyuma ni panya road, yaani genge la vijana waporaji, watarajiwa, na Kidato cha Kwanza C nisijichoshe nacho. Je, maneno haya yana madhara kweli, au ni walimu wanapumua baada ya siku ngumu? Maana mengine nikitazama naona kama ni kweli. Na mimi mgeni nifanyeje? Nisipocheka nao naonekana mjuaji."

Marahaba, Mwalimu, na karibu kazini.

Yana madhara. Lakini yale yanayokukera masikioni siyo ninayoyaogopa zaidi. "Kilaza", "kichwa maji", "panya road", kila mtu mle ofisini anajua kuwa ni matusi. Mzazi akibisha hodi, sauti zinashuka. Ninayoyaogopa ni yale yanayosemwa bila sauti kushuka: "mwamko mdogo wa elimu", "mazingira magumu", "utoro". Hayo huandikwa kwenye taarifa ya shule, husomwa mbele ya bodi, hupanda hadi wilayani yakiwa na muhuri, na sijaona kikao ambacho mtu alinyoosha mkono akauliza yamepimwaje.

Tuanze na ushahidi, kwa sababu wapo watakaokuambia kwamba ukimwita mtoto mjinga atakuwa mjinga. Jambo si rahisi hivyo. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha matokeo ya jaribio lao katika shule moja ya msingi ya South San Francisco, Marekani, kwenye mtaa wa watu wa kipato cha chini. Waliwapa walimu majina ya karibu mwanafunzi mmoja kati ya watano, wakasema vipimo vinaonyesha hawa mwaka huu watapanda ghafla. Kumbe majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka, watoto waliotajwa katika darasa la kwanza na la pili walikuwa wamewapita wenzao kwenye kipimo cha akili. Madarasa ya juu tofauti haikuonekana. Jaribio lile lilikosolewa vikali na wataalamu wa takwimu, na sehemu ya ukosoaji ilikuwa ya haki. Lee Jussim na Kent Harber walipopitia tafiti za miongo mitatu na ushee mwaka 2005, walisema kwa kawaida athari ya matarajio ya mwalimu ni ndogo, na kwamba mara nyingi mwalimu hubashiri vizuri kwa sababu tu anawafahamu watoto wake. Ila wakaonyesha pia kwamba athari hiyo inaweza kuwa kubwa zaidi kwa watoto wa makundi ambayo jamii imekwisha kuyadharau, wakiwemo watoto wa maskini. Hapo ndipo tunapoingia sisi wa shule za kata.

Kuna na Stephen Raudenbush. Mwaka 1984 alikusanya majaribio 18 ya aina ile ya Rosenthal na kujiuliza kwa nini mengine yalionyesha matokeo na mengine hayakuonyesha kitu. Akakuta kinachoamua ni muda. Walimu waliokuwa wamekaa na wanafunzi zaidi ya wiki mbili hawakuyumbishwa na habari walizopewa, kwa kuwa walikwisha kuwaona watoto kwa macho yao. Waliopewa habari kabla ya kuwajua watoto ndio waliozifuata. Sasa soma tena barua yako, Mwalimu. Habari za Kidato cha Kwanza C uliambiwa lini? Kabla ya vitabu. Walimu wenzako hawakukusudia ubaya wowote, lakini walikupa maneno yale katika siku zile hasa ambazo yana nguvu.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote kwenye jambo hili ni wa Ray Rist, uliochapishwa mwaka 1970. Alikaa kwenye darasa la awali la shule ya watoto weusi mjini St. Louis, mwalimu naye mweusi. Siku ya nane ya masomo mwalimu aliwapangia watoto meza za kudumu. Hakuwa amewapa mtihani wowote. Alichokuwa nacho ni fomu za kujiandikishia, habari za familia zipi zinapokea msaada wa serikali, mazungumzo na akina mama siku ya kuandikisha, na sifa za kaka na dada zao alizozisikia kwa walimu wengine. Meza ya mbele walikaa watoto nadhifu, wanaozungumza kama yeye, wa wazazi wenye kazi. Mwaka uliofuata, darasa la kwanza, hakuna hata mtoto mmoja wa zile meza mbili za nyuma aliyepandishwa kwenye meza ya wazuri. Kufikia hapo mwalimu mpya alikuwa na karatasi za kumthibitishia: wa mbele walimaliza kitabu, wa nyuma hawakukimaliza. Hawakukimaliza kwa sababu hawakufundishwa kwa kiasi kile kile.

Ninakutajia rangi ya mwalimu yule kwa makusudi. Watu hudhani mwalimu aliyetoka mtaa mmoja na watoto hawezi kuwadharau. Walimu wengi wa Mbagala wamepanga chumba Mbagala hiyo hiyo, wanachota maji kisima kimoja na wazazi wa wanafunzi wao. Haiwazuii. Wakati mwingine mtu aliyepambana kutoka uswahilini ndiye mkali kuliko wote kwa mtoto anayemkumbusha alikotoka.

Madhara yenyewe huwa madogo na hayana kelele. Miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, huko Marekani, alipima kwa saa ni muda gani mwalimu husubiri jibu baada ya kuuliza swali. Wengi walisubiri kama sekunde moja. Wale waliotajwa na mwalimu kuwa bora walipewa karibu sekunde mbili, waliotajwa kuwa dhaifu chini ya sekunde moja. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili, anayejaribu kulipata neno la Kiingereza, na anayeogopa kuchekwa, hawezi kujibu ndani ya sekunde hiyo. Anakaa kimya, na kimya chake kinathibitisha alichoambiwa mwalimu. Huko Kidato cha Kwanza C kimya kitakuwa kingi, maana wanafunzi wako wametoka miaka saba ya Hisabati kwa Kiswahili na sasa wanasomeshwa kwa lugha ambayo wengi wanaisikia darasani tu. Aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza anajibu haraka, tunamwita mwerevu. Aliyetoka Kayumba, shule ya msingi ya serikali, anameza mate, tunamwita mzito.

Sasa "wazazi hawana mwamko". Kwa hili nitakaa kidogo, kwa kuwa nalisikia kila mkoa na limenichosha.

Shule unayofundisha ilitokana na nini? Mwaka 2005 nchi ilikuwa na shule za sekondari zisizofika 2,000. Mwaka 2009 zilikuwa zaidi ya 4,000. Ongezeko hilo lilikuja chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na sehemu kubwa ya majengo ilisimama kwa michango: fedha zilizokusanywa mtaa kwa mtaa, mchanga, tofali, nguvu za wananchi. Waliochanga ni akina mama wauza vitumbua na akina baba vibarua. Halafu shule hizo hizo zikapachikwa majina ya kejeli, yeboyebo na mengineyo, na wale waliozijenga tunaambiwa hawajaamka. Ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016, watoto walifurika. Mzazi asiyejali elimu hamleti mtoto kwa sababu ada imefutwa; anayeleta ni yule aliyekuwa anajali tangu zamani ila hana.

Tukisema mzazi hana mwamko huwa tunamaanisha jambo moja: hakuja kikaoni. Kikao kiliitishwa Jumatano saa nne asubuhi. Mama ntilie saa nne yuko kwenye jiko, kibarua wa gulioni akiondoka nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Wengine walikuja mara moja, wakasomewa matokeo ya mtoto mbele ya watu, wakadaiwa mchango wa uji na wa mitihani, wakaapa kutorudi. Sisemi wazazi wote ni wema. Wapo wanaolewa, wapo waliomtelekezea bibi mzigo, wapo wanaomtaka binti abaki nyumbani kulea. Lakini huyo ni mzazi wa mtoto fulani, mwenye jina, na kuna la kufanya juu yake: mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ustawi wa jamii, simu ya shangazi. "Wazazi hawana mwamko" halina mtu wa kupigiwa simu.

Neno la pili ni utoro. Kwa miaka mingi takwimu za serikali kuhusu watoto wanaoacha shule zimeutaja utoro kuwa sababu kuu, kwa mbali sana kuliko umaskini, mimba, vifo au maradhi. Tafakari hilo. Utoro siyo sababu ya kuacha shule. Ndiko kuacha shule kwenyewe, kukitazamwa kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu wa darasa ameweka alama za kutokuwepo, mwisho wa mwaka fomu inauliza sababu, naye anaandika kile anachokiona mbele yake. Hesabu zinajumlishwa, na taifa zima linaamini kwamba watoto wake wanatoroka tu.

Fuatilia majina matano tu ya watoro wako uone. Masika yakipamba moto, Machi hadi Mei, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na hiyo ndiyo inayotangazwa redioni. Mtoto anayekaa bondeni kando ya Mto Kizinga, ambaye usiku mzima ametoa maji chumbani kwa ndoo, hatangazwi popote. Asubuhi yake unaiona wewe kwenye rejesta. Mwingine amesimama kituoni tangu saa kumi na moja na nusu, konda anamsukuma kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Akifika geti limefungwa, anachapwa kwa kuchelewa, na wiki ya tatu anaamua heri asije kabisa. Wa tatu ni kweli yuko kwenye banda la gemu. Wote watatu wana alama ile ile. Dawa zao hazifanani hata kidogo, na maadamu tunawaita watoro, dawa tunayoikumbuka ni moja, fimbo.

Kuna jina jingine huenda hujalisikia bado: "mtoto wa TASAF". Kaya zilizo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), hupewa ruzuku kwa sharti la watoto kuhudhuria shule, na fomu za mahudhurio hujazwa shuleni. Kwa hiyo walimu wanayo orodha ya watoto maskini kuliko wote. Orodha hiyo isisomwe kwa sauti mbele ya darasa. Waite mmoja mmoja, au wahesabu kimya kwenye rejesta. Nimeona mtoto wa miaka 14 akikataa kusimama jina lake lilipoitwa, na sikumshangaa.

Umesema mengine unaona ni kweli. Umesema kweli, na sitaki ujilazimishe kuona vinginevyo. Njaa ya saa tano ni kweli, chumba kimoja cha watu saba ni kweli, taa inayozimwa saa mbili ili luku isiishe ni kweli. Shida yangu ni pale hali ya nyumbani inapogeuzwa kuwa tabia ya mtoto. "Amekuja bila kula" ni habari, unaweza kuitafutia uji. "Hajali" ni hukumu, na ikishatolewa hakuna wa kuikatia rufaa. Na tahadhari na huruma pia. Mwalimu mwenye moyo laini anaweza kumwonea mtoto maskini huruma mpaka akampa maswali mepesi, akampigia makofi kwa jibu la darasa la tano, akamvusha. Mtoto huyo atatendewa kwa upole miaka minne, kisha mtihani wa taifa hautamtendea hivyo.

Kwa somo lako, nina hoja moja ya kwenda nayo ofisini. Kati ya mwaka 2017 na 2022, katika mtihani wa Kidato cha Nne nchi nzima, waliofaulu Hisabati walikuwa takribani mtahiniwa mmoja kati ya watano. Nchi nzima, Mwalimu, milimani na pwani, watoto wa wakulima na wa watumishi. Tatizo linalowapata wanne kati ya watano haliwezi kuelezwa kwa kusema "Mbagala". Liko kwenye ufundishaji wetu, lugha yetu, msongamano wa madarasa yetu, na msingi tuliowapa shule ya msingi.

Hoja nyingine imetoka Recife, Brazil. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti juu ya watoto watano wauzaji wa mitaani, umri wa miaka 9 hadi 15. Watafiti walijifanya wateja, wakanunua nazi na matunda, wakadai chenji. Watoto walipatia hesabu 98 kati ya kila 100. Walipowekewa hesabu zile zile kwenye karatasi, tarakimu tupu, walipatia 37 hivi kati ya 100. Wanafunzi wako wanaouza karanga na maji stendi ya Rangi Tatu wanafanya mahesabu ya faida kila jioni, kwa haraka kuliko wewe. Anzia hapo. Waulize boksi la maji linanunuliwaje, linauzwaje, barafu ni kiasi gani, kinachobaki ni asilimia ngapi. Andika wanachosema ubaoni kwa Kiswahili, kisha kipe Kiingereza chake cha mtihani. Utawajua ndani ya wiki mbili kuliko ripoti yoyote.

Sasa wenzako. Usiwaone wabaya. Mwaka 1952 Howard Becker alichapisha mahojiano yake na walimu 60 wa Chicago. Walikuwa wakizungumza vile vile: watoto wa mitaa duni hawafundishiki, hawana nidhamu, hawana maadili, na kila mwenye nafasi aliomba uhamisho kwenda shule nzuri. Haya si maradhi ya Tanzania. Hutokea mahali popote mwalimu anapopimwa kwa matokeo ambayo ni sehemu tu iliyo mikononi mwake. Wanafunzi waliopata alama za juu darasa la saba wanachukuliwa kwenda shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha na Kilakala. Waliobaki unaletewa wewe, tena kwa wingi kupita madawati. Kisha kwenye kikao cha tathmini afisa anauliza mbele ya watu kwa nini ufaulu umeshuka. Mwalimu aliyeelemewa atajitetea kwa kitu gani? "Watoto wenyewe ndio hawa." Anayelipachika jina darasa lake mara nyingi ni mtu ambaye yeye mwenyewe amepachikwa jina. Ndiyo maana usiende kuwahubiria. Mahubiri ya mgeni yatawaunganisha dhidi yako, na maneno yatabaki vile vile.

Uliza maswali badala yake, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidiwa. Mtu akisema "yule hajali", muulize, "Alifanya nini, Mwalimu, nikamfuatilie?" Mara nyingi jibu litakuwa dogo kuliko jina: hakuleta daftari mara tatu. Hilo lina ufumbuzi. Kwenye daftari lako mwenyewe andika ulichokiona tu, pamoja na tarehe. Na ripoti za mwisho wa muhula zikifika, usiandike lile "ajitahidi" tunaloandika sote kwa mkono uliochoka. Mzazi akilisoma atamchapa mtoto au atanyamaza. Andika "kazi 4 kati ya 9 hazikuletwa, hesabu za sehemu hajazielewa, kujumlisha anajua". Inachukua nusu dakika zaidi, na kwa wanafunzi 90 ni dakika 45. Najua nakuomba nini.

Utani wa kawaida wa ofisini ucheke. Walimu wasiocheka pamoja hawasaidiani, na utawahitaji. Kwa mkuu wa shule usiende mwezi huu. Kusanya kwanza: nani hayupo siku zipi na kwa nini, nani anajibu akisubiriwa. Ukienda na hizo, mwalimu wa taaluma na mwalimu wa malezi watakuwa na kitu cha kushika.

Neno moja tu ninakuomba usilicheke hata siku moja, nalo ni panya road. Januari 2015 jiji lilipotaharuki kwa habari za kundi hilo, vijana walikamatwa kwa mamia, na tangu hapo kijana wa Mbagala au Tandale anayetembea na wenzake jioni anatazamwa kwa jicho hilo. Mwalimu akilitamka kwa mzaha, wanafunzi wanalisikia, linafika mtaani, na siku balozi wa nyumba kumi au polisi wakiuliza habari za kijana fulani, jibu limekwisha kutolewa na shule. Likitajwa, uliza papo hapo: amefanya nini, lini, nani ameona? Kama lipo, liende kwa mwalimu wa nidhamu kwa utaratibu, na kumbuka kanuni za mwaka 2002 zinampa mkuu wa shule, au aliyemruhusu kwa maandishi, peke yake mamlaka ya kuchapa, viboko visivyozidi vinne. Kama halipo, omba lisirudiwe, na ombi hilo lifanye mbele ya wote.

Niandikie tena baada ya mtihani wa nusu muhula. Nitapenda kujua watoro wako watano walikuwa wapi.